Salensa ya Ndege ya Baba

Al Sadd,
Doha, Qatar.
12 Oktoba 2025

Mpendwa Mjomba Levis,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, wewe na Anti Hannah, na kwamba mgongo wako umekubali kuinama tena juu ya zile pawasoo, misumeno ya injini ya watu unayotengeneza. Mvua zimewafikia huko Eldoret? Hapa kwetu joto limekataa kuondoka. Barua ataileta Nasimiyu, anayefanya kazi na Mama wodini, maana anakuja likizo. Nimeona afadhali niandike, kwa sababu kwenye simu huwa nakwama na wewe unafikiri laini imekatika.

Sisi tupo. Hakuna aliyelala kitandani, lakini hakuna aliye na nguvu. Mama anabadilishwa zamu kila mara na akirudi anavua viatu mlangoni na kukaa pale pale sakafuni kwanza. Mimi nilimaliza shule mwezi wa sita na bado nangoja chuo. Napika, nafua, napanguza vumbi, na kesho yake vumbi liko pale pale.

Habari ya Baba unaijua nusu. Ni kweli kizunguzungu kilimpata, na daktari alisema ni sikio la ndani. Ambalo Mama hakukuambia ni kwamba kampuni ilimtoa kwenye udereva wa basi. Sasa anakaa stoo kule Industrial Area, anagawa glavu na kofia. Nyumbani alikuwa akilala kwenye kochi amegeukia ukuta, na ukimwita alisema, "Nimechoka tu." Tulimwacha, maana hata sisi tulikuwa tumechoka.

Ndiyo maana nataka kukueleza habari ya ndege. Najua uliona picha ukacheka ukauliza kama tumerudi kuwa watoto. Ni ndege ndogo ya mbao nyepesi, mabawa yake mapana kama mikono yangu nikiinyoosha. Haina rimoti. Imefungwa kwa nyaya mbili nyembamba za chuma, na anayeirusha anasimama katikati ameshika mpini, anazunguka nayo. Akiinua mkono ndege inapanda, akishusha inashuka, na anayejua anaweza kuipindua hewani kama chapati. Baba anajua. Kwa miaka mingi kila Ijumaa asubuhi yeye na rafiki yake Job Onyango, askari wa hoteli moja hapa mtaani, wamekuwa wakienda kuirusha kwenye kiwanja cha shamba moja Umm Salal.

Utaona jambo hapo, Mjomba: mtu mwenye kizunguzungu hawezi kuzunguka. Baba alijaribu mara moja akaanguka. Baada ya hapo hakutaka hata kuisikia ikitajwa.

Halafu likaja lingine. Shamba lile lina farasi, na mtunzaji wao ni mzee wa Kisudani, Idris. Injini yetu ilikuwa na ekzosi wazi kabisa, na ilipiga kelele za kutoboa kichwa. Job alipoirusha peke yake Ijumaa moja, farasi mmoja aliruka ua. Idris alikuja akiwa mwekundu kwa vumbi na hasira akasema ndege ikilia hivyo tena, khalas, basi, lango litafungwa. Hatuna mahali pengine. Job alimletea Baba habari hizo, na Baba akamjibu akiwa ameangalia ukuta, "Basi na ifungwe. Gawa hivyo vitu."

Mjomba, nilienda jikoni nikasimama tu. Mtu akigawa kitu alichopenda kwa sauti ya namna ile, sijui kitakachobaki ni nini. Nikatoka nikamwambia Job asigawe chochote, nitatengeneza salensa, kile kifaa cha kuzima kelele za ekzosi. Job alinitazama akapasuka kwa kicheko. "Velma! Mwaka mzima sijakusikia ukisema maneno matano. Si wewe mwenyewe ndiye salensa? Tukufunge kwenye injini yamalizike!" Nilitamani nizame sakafuni, lakini nilikuwa nimeshasema.

Kwenye sanduku la Baba kulikuwa na salensa iliyokuja na injini yenyewe, iliyoundwa kwa ndege za rimoti. Nilidhani kazi ni kuifunga kwa skrubu mbili na kwisha. Kumbe ndege za rimoti zinataka injini iende kwa mlio mmoja wa kasi, na yetu inataka kitu kingine. Ikienda sawa, inapaswa ikorome taratibu kama imeshiba. Ikiinua pua, inapaswa ikaze sauti na kuvuta, la sivyo ikifika juu ya kichwa nyaya zinalegea na ndege inakuangukia. Nilipoifunga vile vile ilivyo, injini ilichemka ikakosa pumzi. Nikakumbuka ulivyonifanya nikwangue masizi kwenye ekzosi ya pawasoo ile likizo ya Desemba, ukasema injini isipotoa pumzi haivuti.

Kwa hiyo nikatoa kile kikombe kinachoziba ndani. Ikapumua vizuri sana, na kelele zikarudi zote. Tukazima haraka kabla Idris hajatoka. Nikakirudisha kikombe nikiwa nimekitoboa matundu madogo kwa drili ya mkono, kwenye baraza, huku Mama akilalamika kwamba nyumba nzima inanuka mafuta ya nyonyo ya injini. Hiyo ilikubali: ilikuwa kimya, na pumzi ilitoka. Nikageuza pia mdomo wa salensa uangalie nje ya duara, ili mafuta yasirukie nyaya.

Kosa langu lilikuwa la mwisho. Nilisoma kwamba unaweza kuchukua mgandamizo kidogo wa moshi kutoka kwenye salensa, ukaupitisha kwa mpira hadi kwenye tangi, usukume mafuta sawasawa hata ndege ikiwa kichwa chini. Nikaweka kibomba, nikaunga mpira. Injini ikawa inazima baada ya mizunguko michache, kila mara. Nilifungua na kufunga mpaka vidole vikachubuka. Nilikuwa karibu kukubaliana na Baba kwamba vigawiwe. Siku moja nikaliweka tangi mezani nilisafishe, na Baba akasema kutoka kwenye kochi, bila kugeuka, "Lile tundu la upepo umeziba?"

Sikuwa nimeliziba. Zamani tangi lilivuta hewa kupitia kwenye tundu lile, na mimi nililiacha wazi, kwa hiyo mgandamizo wote ulikuwa unatorokea pale. Kumbe alikuwa ananifuatilia muda wote ule kwa masikio. Nililiziba. Nilipogeuka kumshukuru alikuwa ameinuka na kukaa.

Juzi Ijumaa alikuja nasi. Alisema anakuja kutazama tu, lakini tulipofika alichukua mpini mkononi mwangu na kutembea hadi katikati. Nilimfuata kwa sababu alikuwa anayumba. Wafanyakazi wa shamba walikuwa wamekaa ukutani wakingoja, na unajua mimi na macho ya watu. Job aliwasha injini, akaiachia ndege. Baba alizunguka mara moja, mara mbili, kisha nikaona magoti yake yanatafuta ardhi. Nilimshika mkanda. "Shika! Shika mpini!" akasema, na akaketi chini mavumbini, miguuni pangu.

Hakuweza kutoka. Ndege ilikuwa inatuzunguka na nyaya zake, na tangi lilikuwa bado limejaa mafuta. Nami sikuweza kumtazama; kuizungusha nilikuwa nimejifunza siku za majaribio, lakini kuipindua sikuwahi.

"Baba, unaumwa?"

"Nimekaa tu. Tazama ndege."

Ndipo nilipogundua kwamba namsikia. Miaka yote ile ya ekzosi wazi hakuna aliyeweza kumwambia mrushaji neno; ulikuwa unaachwa peke yako na kelele. Sasa injini ilikuwa inakoroma kwa upole na sauti ya Baba ilikuwa pale chini, ya kawaida, kama anaomba chumvi.

"Inakoroma vizuri. Inua sasa. Polepole, wewe!"

Niliinua. Injini ikakaza, nyaya zikavuta bega langu.

"Imeshika! Umeisikia?"

"Nimeisikia."

"Basi ipindue. Usifikiri sana. Vuta... vuta... acha!"

Nilipindua, Mjomba. Nilipindua tena. Alikuwa amefumba macho ili dunia isimzunguke, akinielekeza kwa mlio peke yake, na nilipokosea alicheka akasema, "Huyo ni kuku, si ndege, rudia." Mafuta yalipoisha injini ikakatika, ndege ikateleza na kutua.

Idris akaja akitoka mabandani, ndoo mkononi. Alisimama, akaitazama ndege, akatutazama sisi. "Ya binti," akaniambia, "mnaanza saa ngapi? Nataka kufunga farasi kwanza." Job aliketi chini karibu na Baba akacheka mpaka akakohoa. Mimi ndiye niliyemjibu mzee kwamba tumeshamaliza, na kwamba tungependa kuja tena wiki ijayo kama anaruhusu. Alisema tuje.

Sitakudanganya kwamba Baba amepona. Kizunguzungu kipo, stoo ipo, na jana alirudi kutoka kazini akaenda moja kwa moja kwenye kochi. Daktari hajaahidi kitu. Mimi pia nimechoka, uchovu ambao usingizi hauumalizi. Lakini Ijumaa ile tulipofika nyumbani, Mama, akiwa bado sakafuni na sare yake, alimuuliza kama alirusha.

"Sikurusha," Baba akasema. "Nilikaa chini. Lakini nilisikia yote."

Nisalimie Anti Hannah sana, na bibi yetu, Kogo Rael, umwambie nimepokea mursik yake, yale maziwa ya kibuyu, kwa macho tu kwenye ile picha. Mwambie Milcah nitamjibu. Mama anakusalimu, na Job pia, ingawa hamjuani. Baba anauliza kama unaweza kumpa Nasimiyu gasketi chache za ekzosi, zile nyembamba, ukikatakata za pawasoo zitatutosha.

Mungu aulinde mgongo wako na mikono yako, na awape mvua ya kiasi.

Ni mimi mpwa wako ninayekupenda na kukukumbuka,

Velma Jebet