Nilisema Tumbo

Jumatatu, 5 Mei
Nimekamua mbuzi. Chai iko tayari. Talaso amenyonya, amelala tena. Nimefua leso kabla mama mkwe hajaamka. Damu tena, na si siku zangu. Inakuja kila mume wangu Jarso akirudi na lori kutoka Biliqo tukilala pamoja. Siku zingine inakuja yenyewe tu.

Sijaswali, maana mwenye damu haswali. Ayo, ndivyo namuita mama mkwe, ameona mswala wangu umekunjwa. Amemwambia jirani eti mimi nimepewa likizo na Mungu. Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Jumatano, 7 Mei
Kliniki. Daktari ni kijana mwanamume, kwa hivyo Ayo aliingia na mimi, amembeba mtoto. Akaniuliza shida ni nini. Nikasema tumbo. Kila nikienda nasema tumbo. Kwanza nilipewa dawa ya minyoo, halafu ya vidonda vya tumbo. Leo ni ya taifodi. Daktari hana makosa. Anatibu neno nililompa.

Ijumaa, 9 Mei
Jarso amerudi. Nimesema mtoto ana homa, nikalala naye kwa mkeka. Hana homa. Nimemsingizia mtoto wangu ugonjwa. Jarso aliniuliza polepole kama amenikosea. Nikageukia upande wa mtoto. Ni mtu mzuri. Najichukia.

Jumapili, 11 Mei
Sasa kuna harufu. Nimechoma udi mchana. Ayo akasema nyumba inanukia kama ya bibi harusi.

Naogopa kumpakata Talaso.

Alhamisi, 15 Mei
Mgongo unauma. Nimerudi kliniki na Ayo. Yule kijana hayuko. Kuna daktari mwanamke, mtu mzima, amevaa hijabu. Nikasema tumbo. Akalibonyeza. Akamwomba Ayo ampeleke mtoto kupimwa uzito. Mlango ulipofungwa akaniuliza, "Dada, unaswali?"

Nikadhani anataka kunihubiria. Nikasema hapana. Akauliza tangu lini. Nikasema tangu Ramadhani. Hapo hapo nikasikia nilichosema.

Akaweka kalamu chini. "Basi si tumbo."

Nikalia. Nikamwambia yote, hata ya Jarso, hata ya udi. Akaniangalia ndani kwa taa. Kuna kidonda kwa mlango wa kizazi. Hakunificha. Inaweza kuwa kansa, inaweza kuwa kitu kingine. Hawezi kujua mpaka kipande kidogo kikatwe hospitali kubwa kipimwe. Lakini damu ya baada ya kulala na mume haingojewi, alisema. Inasemwa siku ile ile.

Ayo akarudi anafurahi, mtoto ameongeza uzito. Sikuweza kumwangalia.

Ijumaa, 16 Mei
Nimempigia Jarso simu. Nikamwambia yote. Akasema anageuza lori.

Ayo nilimwambia kwa Kiborana, kwa maneno yenyewe. Akasukuma kuni motoni. "Na mimi nilikuwa nakucheka," akasema. Basi.

Jumanne, 20 Mei
Hospitali kubwa. Karani wa dirishani akauliza kwa sauti naumwa wapi. Foleni nzima nyuma yangu, wanaume pia. Neno tumbo lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema natokwa na damu chini, kwa njia ya uzazi. Uso uliwaka moto. Nilifikiri watu watasogea mbali. Mama aliyekuwa nyuma yangu akanishikia mkoba.

Kipande kimekatwa. Iliuma kidogo. Jarso alikuwa nje na Talaso, amemfunga mgongoni kwa leso yangu, watu wanamtazama, hajali.

Alhamisi, 22 Mei
Majibu bado.

Jana nilienda kwa mwalimu mwanamke wa madrasa, kama daktari alivyonishauri. Akasema damu hii si hedhi. Nijisafishe, nitawadhe, niswali. Tangu Ramadhani ningeuliza tu.

Leo adhuhuri nimetoka kutawadha nikakuta Ayo ametandika miswala miwili. Wangu ameuweka upande wa kivuli. Talaso akatambaa, akakaa katikati yetu.