Kifungu cha Kumi na Nne

Jumapili, 2 Machi
Sijamwambia mtu, hata mama. Katiba ya chama chetu cha mazishi hapa kwenye kambi ya wakimbizi, lile daftari jipya ambalo wote wanalisifia kwa mwandiko mzuri, ina kifungu nilichokitunga mimi, katibu mpya. Mvua ilivuja kwenye daftari la zamani nililokuwa nanakili, ikala nusu ya kifungu cha kumi na nne, kinachoeleza jinsi ya kubadilisha katiba. Nilipaswa kumuuliza katibu wa zamani. Niliona haya. Nikakisia: theluthi mbili ya waliohudhuria. Wamekwisha kutia sahihi.

Jumapili, 9 Machi
Rais wa chama, Papa Bahati, ameleta pendekezo lenye sahihi kumi. Wanachama wanaoishi Lilongwe watolewe. Hawaji kuchimba makaburi, hawalali matangani, basi na sisi tusiwalilie. Kura Jumapili ijayo. Akakisoma kifungu changu kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze.
Shangazi Furaha anaishi huko Lilongwe, mtaa wa Area 25. Anaumwa kifua tangu Krismasi.

Jumatano, 12 Machi
Nimekwenda kwa shangazi. Alikuwa kwenye cherehani, akikohoa. Ni mmoja wa waanzilishi, nilijua ana nakala ya zamani. Anayo. Inasema pendekezo lisomwe kanisani Jumapili mbili ili walio mbali wapate habari. Kisha likubaliwe na theluthi mbili ya wanachama wote.
Wote. Shuleni tulifundishwa hivyo hivyo kuhusu Bunge: wanahesabiwa wabunge wote, si waliokaa vitini siku ile. Nilipata alama nzuri. Mjinga mimi.
Sikumweleza kwa nini naiazima. Habari ya kura haikumkasirisha. "Mi siogope kufa," alisema kwa Kiswahili cha kwetu. "Naogopa kuliliwa na bantu benye habanijue."

Jumamosi, 15 Machi
Baba ndiye aliyenipendekeza niwe katibu. Nikisema, aibu ni yake. Nikinyamaza, shangazi anatupwa. Naogopa.

Jumapili, 16 Machi
Tulikuwa kanisani, thelathini na mmoja kati ya sitini. Mikono ishirini na mitano juu. Papa Bahati akatangaza kuwa imepita.
Nikasimama. Sijawahi kusimama mkutanoni.
"Kifungu hicho nilikiandika mimi. Si cha katiba."
Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi nirudie. Nikatoa nakala ya shangazi. Mama mmoja akanicheka: "Aka katoto njo bunge yetu sasa." Kura ikafutwa. Pendekezo likasomwa upya, litasomwa tena Jumapili ijayo, kura tarehe thelathini. Papa Bahati alichukua daftari mikononi mwangu bila kunitazama. Mimi si katibu tena. Baba alitazama viatu vyake hadi mwisho.

Jumapili, 30 Machi
Wamekuja wote sitini. Hata wale kumi na mmoja wa Lilongwe, kwa minibasi moja. Arobaini na watatu wamekubali. Safari hii ni halali. Mimi ndiye niliyefanya watu wote waitwe, na wengi wao wamechoka kuchimba.
Shangazi hakupanda minibasi ya kurudi. Anahamia kwetu kambini, abaki mwanachama. Cherehani italetwa Jumanne. Nimemtandikia kitanda changu, mimi nitalala mkekani. Sasa ni saa tisa alasiri, amesinzia, mdomo wazi kidogo.
Kura zilipohesabiwa, nilifurahi. Kidogo tu. Nilijua atakuja kukaa nasi.
Hilo libaki humu. Asiambiwe mtu, yeye hasa.