Niliwaombea Viti, Kumbe Hawakutaka Viti

Mpendwa Somo,

Shikamoo. Naomba msaada wako kabla Alhamisi haijafika, wala sikudanganyi, maisha yangu kwa jumla ni mazuri, nina kazi ya kudumu katika maktaba ya chuo kimoja huku Kilifi, mume wangu Mutuku ni mpole, watoto wanasoma, na raha yangu ya kila siku ilikuwa saa saba mchana, ninaposhuka kula chini ya ngazi pamoja na akina mama wanaosafisha jengo letu, wote wa mkataba wa miezi mitatu mitatu, mkubwa wao akiwa Gladys Nyale wa Junju, ambaye kimanga chake, ule muhogo wa kupondwa na maharagwe, kimenifanya nisahau muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wa nyumbani Machakos.

Basi siku moja niliona uchungu watu wazima kula sakafuni, nikauandikia utawala barua bila kumwambia mtu, nikiomba wapewe chumba na viti, na Somo, wakapewa, nikacheza karibu nivunje kiuno, kumbe chumba chenyewe kiko kando ya jenereta, kelele na moshi, na pale chini ya ngazi pametiwa kufuli, na Gladys akaniambia huku anacheka, "Dada Damaris, ni nani aliyekutuma? Sisi sakafu haikutuuma. Twataka mtu akijifungua, arudi aikute kazi yake." Gladys mwenyewe ana mimba ya miezi saba, na mara ya kwanza alipojifungua alirudi akaambiwa aanze upya kama mgeni, na wote walikuwa wameshapeleka ombi lao kuhusu hilo, lakini sasa utawala unawajibu kwamba shida zao zilikwisha kwa barua yangu. Alhamisi nimealikwa kwenye mkutano wa utawala nipewe shukrani. Nisiende? Au niende nikawafokee? Naona aibu, ingawa bado wananipenda, hata jana Gladys aliniletea kimanga mezani.

Damaris, Kilifi

Somo anajibu:

Marahaba, mwanangu. Moyo wako ni mzuri, ila kiherehere chako kimeuzidi. Umekula kimanga cha watu siku zote hizo, na hata mara moja hukuuliza, "Jamani, nyinyi mwataka nini?" Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wewe uliona sakafu, wenzako walikuwa wakiona miezi inavyokwisha. Nilipofika hapo ulipocheza, niliiweka barua yako chini nikanywa maji kwanza.

Haya, yamepita. Sasa sikiza. Leo hii nenda kwenye hicho chumba cha jenereta, ukalie kiti ulichokiomba, uwatake radhi, kisha umuulize Gladys kama ataka kusema mwenyewe Alhamisi. Akiogopa, usimsukume, kwani kazi yako haiishi mwezi ujao, na yake yaweza kuisha. Akikubali, asisimame peke yake. Waende watatu au wanne, nawe uingie nao, ombi lao liwe na nakala mbili, moja igongwe muhuri irudi kwao. Mkiambiwa mlangoni umealikwa wewe tu, bakini wote mlangoni.

Ukiitwa kupokea shukrani, sema haya tu: "Barua yangu ilikosea. Iwekeni kando, msikilize ombi lao." Kisha ukae. Najua utawashwa kuongeza neno. Uume ulimi. Sauti wanayo, walichokosa ni mlango, na mlango uliufunga wewe.

Huyo Gladys kukuletea kimanga hadi leo ni dalili kwamba amekusamehe, nawe furahi. Lakini mwenye mimba ya miezi saba apande ngazi kukuletea chakula, Damaris? Kesho shuka wewe, na muthokoi upike wewe.