Gari Jekundu na Mwendo wa Ishirini

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zetu sote. Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na wapwa zangu, na kwamba kile kifua chako cha majira ya baridi kimekuachia. Usikipuuze. Mama asingekubali ukipuuze. Sisi huku hatujambo, tunasukuma siku. Wifi yako goti linamsumbua akipanda ngazi, ila ulimi wake hauna tatizo lolote. Mimi sina ninapoumwa.

Barua zako tatu zimefika zote. Sikukujibu mapema na sina kisingizio. Kwenye simu najua nakukera, maana kila ukipiga nasema mawili kisha namkabidhi wifi yako kama watu wanaopokezana mzigo. Basi leo nimejikalisha chini niandike, chai imeshapoa pembeni.

Habari kubwa ni kwamba nimeagiza gari. Usicheke. Si gari la familia wala la mizigo. Ni gari la spoti, jipya kabisa, la mbio, viti viwili tu, na liko chini kiasi kwamba mtu wa umri wangu akitaka kuingia lazima ajikunje, kisha ajitupe, kisha aombe Mungu. Tena jekundu. Naam, mimi kaka yako, ambaye mwaka wa ishirini na sita huu naendesha gari la maiti la kampuni ya mazishi, kilomita ishirini kwa saa, gia ya pili, mtu na ndala zake anaweza kunipita.

La fedha usiniulize. Ni akiba yetu, si mkopo, na wifi yako anajua. Nilipomwambia nilidhani atanirukia. Aliniangalia kwa muda, akasema, "Sawa," akaendelea kukunja nguo. Hapo ndipo nilipojua kwamba hali yangu inatisha.

Nilikwenda duka la magari wiki mbili baada ya kumzika Mama. Binti wa dukani alinitandazia kadi ya rangi, akaniambia kwa adabu zote kwamba wazee wa rika langu huwa wanapenda rangi ya fedha au nyeusi. Nikamwambia nyeusi ninayo kazini. Akaniuliza kama ningependa kulijaribu moja lililokuwepo pale, nikasema hapana. Nikatia sahihi karatasi saba, nikatoka. Saa nane nilikuwa na mazishi.

Tangu hapo ni kungoja, mwezi wa tano sasa. Kila Ijumaa ujumbe unaingia kwenye simu: gari lako linaungwa, gari lako limepakwa rangi, gari lako limepakiwa melini. Nausoma, narudisha simu mfukoni. Naambiwa wengine wakingoja gari kama hili usingizi unawaruka. Mimi nalala vizuri, nakula vizuri, kazini sijachelewa hata siku moja. Ila mwili wangu wote umekuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno. Unajua ni lako, lakini ukilibonyeza hulisikii. Nilifikiri gari litasaidia. Bado sijui.

Kazini wamepata cha kuzungumza. Yule fundi wetu wa majeneza, anayempima kila mtu kwa macho hata akiwa harusini, aliitazama picha ya gari kwenye simu yangu mpaka akaridhika, kisha akatikisa kichwa. "Hili hata mfuniko hauingii," akasema. "Sasa utalifanyia nini?" Bosi naye ameniomba nisije nikaliegesha mbele ya ofisi, wafiwa wakaliona. Nimekubali. Siku hizi nakubali kila kitu.

Kwa nini la mbio, wewe unajua. Wewe ndiye uliyekuwa ukilazwa na mlio wa cherehani ya Mama, ile ya miguu. Alivyokuwa akiikanyaga, majirani walisema siku moja atapaa nayo. Siku nilipopata leseni nilimpandisha mbele, nikawasha gari kwa heshima zote, nikaondoka polepole ili asiogope. Hatukufika hata kona ya kwanza. "Kanyaga, Kobe! Utanizeesha barabarani!" Jina likanganda. Na ile siku alipopanda pikipiki ya mteja wake, na miaka yake sabini na miwili, akarudi kitambaa kimepeperuka na meno yote nje! Akaniambia siku nitakayonunua gari la maana, yeye ndiye wa kwanza kukaa mbele.

Swali lako nimeliona, Chiriku. Umeliuliza katika barua zote tatu: Mama alikwendaje? Hukuweza kuja, na unataka kusikia kwa mtu aliyekuwepo. Ni haki yako. Wifi yako ameshakusimulia kwenye simu, lakini unanitaka mimi. Nitakujibu. Leo mkono umechoka.

Jumapili, tarehe 9.

Naendelea. Gari limekuja. Nimelichukua jana. Lakini kwanza nikujibu swali lako, maana sasa mambo haya mawili yamekuwa jambo moja.

Siku ya mazishi Bosi alitaka kunipa mapumziko, dereva mwingine aendeshe. Nilikataa. Sikuona mwingine wa kumpeleka Mama. Asubuhi niliosha gari, nikavaa suti nyeusi na glavu zangu nyeupe. Jeneza lilipoingia nilifunga vile vibano vinavyolizuia lisitembee, nikavikagua mara tatu, jambo ambalo kwa watu wengine nafanya mara mbili. Mjomba alikaa mbele pamoja nami. Nyuma yetu kulikuwa na msafara wa magari thelathini. Tuliondoka kwa mwendo wa ishirini.

Unaikumbuka barabara iliyonyooka baada ya daraja, inayopita kwenye kiwanda cha matofali? Pale ndipo niliposikia mguu wangu wa kulia unataka kushuka. Sikuona maajabu, wala sikusikia sauti. Nilijua tu, kama ninavyojua jina langu, kwamba Mama angesema nikanyage. Safari yake ya mwisho, mtoto wake ndiye dereva, barabara iko tupu mbele. Nikatazama kwenye kioo. Magari thelathini. Nikaubana mguu palepale kwenye ishirini. Nilimfikisha Mama kama ninavyomfikisha kila mtu, bila mtikisiko, saa sita kamili kama ilivyoandikwa kwenye karatasi.

Makaburini ndugu walipanga mstari kupokea pole. Mimi nilisimama kando ya gari, maana ndipo ninaposimama siku zote. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa mteja wa Mama zamani na ametoka mbali, alipita akimpa kila mtu mkono. Mjomba, wifi yako, binamu zetu wote. Akafika kwangu. Akaona glavu. Akasema, "Ahsante, dereva, umetuendesha vizuri." Nikamjibu, "Karibu, mama." Ndivyo nilivyozoea kujibu.

Si yeye tu. Ndugu walijua mimi ni nani, lakini ndugu walikuwa na vilio vyao, na mimi nilikuwa na funguo. Walinisifu kwamba nimejikaza. Hakuna aliyenipa pole, Chiriku, nami sikudai. Kusema kweli sikujikaza hata kidogo. Nilikuwa kazini tu. Sikulia pale, sikulia nyumbani, na siku ya tatu nilimpeleka mtu mwingine kwa mwendo uleule.

Kwa hiyo ukiniuliza Mama alikwendaje, jibu langu ni kwamba alikwenda polepole mno, na mimi ndiye niliyemchelewesha. Hilo ndilo lililonishinda kukuandikia.

Sasa habari za jana. Binti wa dukani alisema kuna kupigwa picha na gari, kwa hiyo nikavaa suti yangu nzuri. Suti yangu nzuri unaijua, ni ileile moja. Na kwa kuwa usukani ulikuwa mpya na sikutaka kuuchafua, nikavaa glavu. Wifi yako alijikunja, akajitupa, akaomba, akakaa. Tukapiga picha, tukaondoka.

Mguu ukagoma. Nakwambia kweli tupu. Injini ile ilikuwa inanguruma kama inayotaka kunipiga, na mimi nikainua mwendo mpaka ishirini, basi, mguu ukasimama. Wifi yako akauliza, "Kwani ni bovu?" Nikasema ni zima. "Sasa mbona hatuendi?" Nikamwambia tunakwenda. Akanyamaza, jambo ambalo mwenyewe unajua halitokei mara mbili kwa mwaka.

Muuza magazeti wa kwenye kona aliponiona akasimama, akavua kofia. Nikamwinamishia kichwa kama kawaida. Mbele kidogo lori lililokuwa linakuja likajiweka pembeni, likazima injini. Ndipo wifi yako alipogeuka nyuma. "Mume wangu," akasema, "hawa wote wamewasha taa." Nikatazama kwenye kioo. Msafara ulikuwa umenifuata tangu mtaa wa maduka. Mji mzima unaujua uso wangu kwenye usukani, suti yangu na mwendo wangu. Labda walidhani kampuni imebadilisha rangi. Wifi yako alicheka mpaka akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia zile taa.

Baada ya daraja, palepale kwenye kiwanda cha matofali, nikasogea kando ili wapite. Nao wakasogea kando. Nikangoja, nao wakangoja. Magari kumi na manne, Chiriku, yamepanga mstari nyuma ya gari la spoti, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kunipita. Miaka ishirini na sita nimewafundisha hivyo, nani wa kulaumiwa?

Wifi yako akajitoa kwenye kiti, akaenda na goti lake kuwaeleza. Gari la kwanza lilikuwa pikapu la magodoro. Dereva wake akashuka, kofia mkononi, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mama, amefariki nani?" Nilikuwa nimeteremsha kioo, nikingoja kumsikia akisema hakuna aliyefariki, nendeni na safari zenu. Wifi yako aligeuka, akaniangalia. Kisha akasema, "Mama yake huyu."

Hakusema lini.

Yule bwana akaja kwenye dirisha langu. Ilibidi ainame sana kwa sababu gari liko chini. Akapenyeza mkono, akaushika wangu pamoja na glavu, akaniambia, "Pole sana, kaka. Pole kwa kufiwa na mama."

Nililia. Sitakupambia wala kupunguza, nililia kwa sauti, mtu mzima na suti yangu, mpaka usukani ule niliokuwa nauhurumia ukalowa wote. Yule bwana hakuuachia mkono wangu. Akaja wa pili, akaja wa tatu, wakashuka wote mmoja mmoja wakanipa pole, na wifi yako amesimama kando kama mtu wa kupokea wageni, hakumzuia hata mmoja. Labda tuliwadanganya. Mimi naona hatukuwadanganya.

Walipoondoka, barabara ikabaki tupu. Nikavua glavu, nikaziweka chini ya kiti. Wifi yako akafunga mkanda, akanitazama, akasema, "Haya, Kobe." Hajawahi kuniita hivyo tangu nimwoe.

Nikakanyaga. Mwendo gani, siandiki, barua huweza kusomwa na askari. Wifi yako alipiga kelele neno ambalo pia siandiki. Na unajua kilichonishangaza? Barabara ile ni fupi. Miaka yote nilidhani ni ndefu, kumbe ukiipita kama Mama alivyotaka, inaisha kabla hujapumua mara tatu.

Usidhani nimepona. Leo nimeamka na ganzi yangu kama kawaida, nimekunywa chai bila kusikia ladha yake. Lakini sasa kuna mahali panapouma, na nashukuru kwamba panauma.

Kiti cha pili nimekiweka kwa ajili yako. Wifi yako amesema hapandi tena mpaka goti lipone, na ninahisi goti halihusiki. Ukipata likizo, njoo, nikupokee, twende wawili makaburini kumwamkia Mama. Safari hii hatutamchelewesha.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu wote wawili, hasa yule mdogo anayependa magari, mpe picha niliyoiweka humu ndani. Mjomba anakusalimu na anauliza kama bado unaongea usingizini. Fundi wa majeneza anakusalimu pia, msamehe, ameulizia urefu wako. Mungu akulinde huko ugenini, akupe afya, na kila uendako akurudishe salama.

Nilikuwa nimeshaikunja barua nikaifungua tena. Nimezisoma zako tatu upya, na nimeona jambo. Ulifiwa ukiwa mbali, kwenye nyumba ambayo hakuna jirani aliyemjua Mama, ukaniandikia mara tatu, na mimi nikakukimbia kwenye simu, kisha kwenye barua nikakuletea habari za rangi na meli. Nilikupita na glavu zangu, kama yule mama alivyonipita mimi.

Pole, Chiriku. Pole sana kwa kufiwa na mama, mdogo wangu.

Ni mimi nikupendaye, kaka yako,
Kobe