Uzi kwenye Kofia ya Baba

Mpendwa Bi Ludie, nasoma ushauri wako gazetini kila wiki, nisaidie, maana jambo lenyewe ni dogo na bado linaninyima raha.

Mimi nasokota uzi katika kiwanda kimoja hapa Gastonia, Carolina Kaskazini, na baba yangu, Thurman, analima pamba Carolina Kusini na kila mwaka hutuuzia sisi, na kila Siku ya Shukrani, mwezi wa Novemba, mimi humpelekea uzi niliousokota kwa pamba yake, naye huufunga kwenye kofia yake na kuuvaa mpaka mavuno mengine. Mwaka huu bei ilipanda, naye akagoma kuuza, akayafungia marobota ghalani akingoja ipande zaidi, huku sisi kiwandani pamba ikituishia na zamu yetu ikitajwa kufutwa, nami nakiri, Bi Ludie, nilikuwa nasali serikali ifungue ile kwota maalumu, ile inayofunguliwa bei ya kwetu ikizidi ya dunia wiki kadhaa mfululizo, ili viwanda viagize pamba ya nje. Ikafunguliwa. Pamba ikaja kutoka mbali, na nikiishika nahisi kama niko ndotoni, nawaza ni mama gani aliyeichuma, alikuwa akiimba nini, kwao siku hiyo kulikuwa na jua au mawingu, vumbi jeupe linaelea dirishani nami nasahau hata saa ya chakula. Bei ya nyumbani ikashuka, na marobota ya baba bado yako ghalani.

Siku ya Shukrani ikafika na kiwandani hakuna hata robota moja la baba, basi nikasokota ile ya kigeni nikampelekea bila kumwambia kwamba si pamba yake. Akaupitisha uzi vidoleni muda mrefu, akatazama shamba lililobaki mabua, akasema, "Umesokota vizuri, mwanangu," akaufunga kofiani. Mezani kaka yangu Dwight akaanza: "Hao walioshangilia kwota ndio wametumaliza. Laiti ningemjua mmoja tu!"

"Kula sukuma wiki yako, Dwight," baba akamwambia. "Watu wa kiwandani nao wana matumbo."

Nikainuka nikakata pai ya viazi vitamu. Sasa kila Jumapili kanisani anawaonyesha watu kofia, anasema huu ni uzi wa Raynelle. Nimwambie nimvunje moyo, au ninyamaze?

Raynelle

Raynelle, binti yangu,

Pole, halafu ukae sawa nikugombeze. Kuombea kazi yako si dhambi, na kwota haikufunguliwa kwa sala zako. Ilifunguliwa na bei, na waliochangia kuipandisha ni wazee kama baba yako waliofungia pamba ghalani.

Lakini wewe, msokota uzi mzima, unadhani mtu aliyevuta pamba kwa vidole kuipima tangu hujazaliwa hawezi kuijua ya shamba lake? Isome tena barua yako. Aliushika muda mrefu, akatazama shamba, akamnyamazisha Dwight. Kanisani hasemi "pamba yangu". Anasema uzi wa Raynelle. Wewe unajiona unamficha, kumbe yeye ndiye anayekusitiri, na anakungoja useme.

Jumamosi hii nenda. Usipeleke maelezo marefu. Mwambie, "Baba, haikuwa ya kwako, na niliiombea ije." Kisha mwombe mfuko mmoja wa pamba yake kutoka ghalani, na iliyobaki mshauri aiuze kabla bei haijashuka tena. Usokote uzi wa pili, umpelekee mwenyewe.

Ule wa kwanza usiufungue. Kofia ina nafasi ya nyuzi mbili.