Ndoo ya Udhu

...basi simu ikakatika papo hapo, Mama, pale pale palipokuwa patamu! Wewe ukabaki na neno moja tu, kwamba Lali amefukuzwa karakana, na mimi nikabaki darini nikipiga kelele "Haloo! Haloo!" mpaka punda wa jirani wakaniitikia. Najua hukulala vizuri. Najua Baba amezunguka uani akisema, "Si nilisema Amu ni mbali?" Tulieni, wazazi wangu. Habari yenyewe si ya kulia. Kuna mwalimu wa kwetu anafundisha shule ya hapa, anasafiri kesho kwenda likizo, na barua hii nampa mkononi. Karatasi haiishiwi chaji.

Lakini adabu kwanza. Assalaam alaykum, nyote nyumbani. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizo za kwenu? Kikohozi cha bibi yetu, Kukhu, kimepoa? Ng'ombe amezaa? Mimi mzima, Alhamdulillah, mzima kupita kiasi, hata gauni la harusi sasa linanibana. Mavyaa wangu, mama yake Lali, Bi Mwanaidi, ananilisha wali wa nazi na samaki kama mtu anayenipeleka mashindanoni. Bado ananicheka kwa ile ya ndoo. Nilikusimulia? Siku zangu za kwanza aliniita kutoka jikoni, "Sakina, ndoo!" Nikateremka mbio na ndoo. Akasema tena, "Ndoo, mwanangu, ndoo!" Nikadhani moja haitoshi, nikapanda kuchukua ya pili. Kumbe kwa Kiamu cha hapa ndoo ni njoo! Nilisimama mbele yake na ndoo mbili, mama wa watu akacheka mpaka akakaa chini.

Na Lali, Mama! Sijui niseme nini. Kila nikidhani nimemaliza kumpenda nakuta pamebaki. Akirudi sokoni ananiletea kikuba, asumini iliyofungwa na rehani, anakichomeka begani mwangu na kuniambia, "Sasa nyumba imenukia." Mikono yake ina harufu ya mbao hata akioga. Unakumbuka alipokuja na ami yake kuweka mlango wa msikiti wetu, nawe ukanituma niwapelekee chai? Ulisema, "Peleka urudi." Mimi ndio sijarudi hadi leo.

Sasa sikiliza. Nyumba tunayokaa ni ya huyo huyo Ami Athman, ndugu wa marehemu baba yake Lali. Chini ni karakana yao, mlango wake unafunguka kichochoroni. Juu anakaa Mavyaa, na juu kabisa ni chumba chetu chenye dirisha ninalolipenda kama mtoto. Ami ndiye aliyemlea Lali, ndiye aliyemfundisha kuchonga, na mahari yangu pia aliilipa yeye. Kwa hiyo neno la Ami katika nyumba hii halirudishwi.

Alipata kazi kubwa. Bwana mmoja kutoka Nairobi anajenga jumba kule Shela, akataka milango, madirisha, kila kitu kwa mkono wa karakana hii. Kazi ya kula msimu mzima. Kwanza kabisa alitaka ubao mrefu wa mbambakofi uchongwe Bismillahi na aya baada yake. Lali alifurahi! Alidhani ni wa juu ya mlango mkubwa.

Hapa lazima nikueleze jinsi wanavyofanya kazi, maana mimi mwenyewe nilipoona mara ya kwanza nilisahau kufunga mdomo. Maua na majani wanachonga huku wanapiga soga, wanakula mahamri, wanabishana mpira. Lakini wakifika kwenye herufi za maneno ya Mungu, patasi inawekwa chini. Mtu anakwenda uani kutia udhu, anarudi, anakaa, na karakana inanyamaza. Hata vibanzi vinavyodondoka kwenye herufi havikanyagwi. Vinaokotwa vinatiwa kapuni, na kapu linakwenda kumwagwa baharini. Ami ndiye aliyeipokea desturi hiyo kwa babake na ndiye aliyempa Lali. Mimi nilikuwa naokota vile vibanzi, Mama, na kila kimoja nilikishika kama yai.

Bismillahi ikakamilika. Siku hiyo mwenye jumba akaja kutazama, mtu mcheshi, ananukia vizuri, hana kiburi. Akapapasa herufi akasema, "Wah! Hii ni moto. Sasa hapa chini mtaniachia nafasi ya kuning'iniza glasi."

Lali akauliza, "Glasi za nini, bwana?"

"Za kaunta. Ubao unakaa mbele ya kaunta, taa zinawaka kwa nyuma, chupa zinapangwa juu."

"Chupa za juisi?"

Yule bwana akacheka. "Juisi pia itakuwepo, boss."

Lali akaiweka patasi chini taratibu. Akasema atachonga kila mlango wa jumba lile, na madirisha, na kitanda akitaka, lakini ubao wa kaunta ya pombe hatauchonga, na maneno yale juu yake ndiyo kabisa. Bwana akashangaa kwa kweli, hakukasirika. "Ni urembo tu. Mimi naheshimu dini zote. Wageni wangu wanataka kuona Amu." Alipoona Lali hageuki akamwambia Ami, "Mzee, mimi nataka fundi mmoja wa kazi yote. Yote, au niangalie kwingine."

Ami akamwambia, "Kazi yako itakuwa tayari. Niachie kijana."

Mimi nilikuwa ngazini na sinia ya kahawa. Bwana alipotoka, Ami alifunga mlango wa kichochoroni. Akasema kwa upole kwanza. "Lali, weye wachonga mbao. Huuzi pombe, hunywi, humimini. Mti hauna dini."

"Mti hauna, Ami. Mimi ninayo."

"Nani ayuwao kusoma haya kule? Walevi?"

Mama, nitayakumbuka mpaka kaburini aliyojibu mume wangu. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwenye maneno asoma, Ami."

Kisha Ami akakasirika kweli, ile hasira ya mtu aliyeguswa. Akamkumbusha malezi, akamkumbusha patasi, akamkumbusha harusi. Mavyaa naye akashuka analia, "Lali, mwanangu, mridhishe ami yako. Mungu ni mwenye kusamehe." Na Ami akamalizia: mpaka Ijumaa, ama ubao umekwisha, ama atafute mahali pengine pa kuchonga na pengine pa kulala, yeye na mkewe.

Nilifikiria dirisha langu, Mama. Sitakuficha, nililifikiria.

Lali akapiga magoti, akaubusu mkono wa Ami. "Nipige, Ami, nifukuze, mimi ni mwanao. Lakini usinitume huko." Akazifuta patasi zake moja moja kwa kitambaa, akazikunja ndani yake, akaziweka miguuni pa Ami, maana zote alipewa na yeye. Akatoka mikono mitupu. Mimi nikamfuata na sinia yangu ya kahawa mpaka kichochoroni, ndipo nikakumbuka kuirudisha.

Jioni alikuwa amekaa dirishani. Nikamuuliza, "Unaogopa?" Akasema, "Sana. Naogopa utajuta kunifuata." Nikamwambia asiniudhi. Akatabasamu. Nilimtazama mtu huyu mwembamba anayeogopa paka weusi, nikajiuliza nguvu ile alikuwa ameiweka wapi siku zote. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikamkatia embe.

Kesho yake alikwenda pwani kupakia mchanga wa ujenzi kwenye punda. Mikono ile, Mama! Ilirudi imepasuka. Na maneno ya watu kwenye baraza: "Anapita Sheikh Patasi! Sheikh, tuombee na sisi tufukuzwe kazi!" Yeye anawajibu, "Waalaykum salaam," kana kwamba wamemsalimu, hata wale wenyewe wakashindwa. Nyumbani Ami hakusema naye. Lali anamwamkia kila asubuhi, Ami anatazama ukutani. Mavyaa akawa anapika bila kuimba. Mimi nikaanza kukunja nguo zetu kwenye sanduku, polepole, ili asinione.

Ijumaa ikafika. Lali alitoka mapema kwenda mchangani. Mimi niko juu, namalizia sanduku, nikasikia Ami anafungua karakana. Akauburuta ule ubao akauweka juu ya meza. Nikaelewa: ameamua kuimaliza aya kwa mkono wake. Moyo ukaniuma, maana niliona sasa yote yamekwisha, kazi itakwenda, na sisi tutakwenda.

Nikasubiri sauti ya nyundo. Haikuja. Badala yake nikamsikia uani anaita, "Sakina! Ndoo!"

Nikateremka mbio. Ami ameketi kwenye kijiwe cha kutawadhia, kofia juu ya goti, kanzu ameikunja. "Nimekuja, Ami."

Akanitazama. "Ndoo ya mai, mwanangu. Mfereji umekauka."

Siku nilipojifunza kuja, ndipo walipotaka ndoo! Nikapanda, nikaijaza kwenye pipa, nikamletea. Akaosha viganja. Akasukutua. Akaosha uso, mikono, akapaka kichwa, akaosha mguu wa kulia. Kisha akaishia hapo hapo, mguu wa kushoto mkavu, kata iko mkononi, maji yanatiririka chini bila kumgusa. Nikadhani ameugua.

"Ami, vipi?"

Akasema, bila kunitazama, "Mwanangu, mimi natawadha ya nini?"

Nikamsogezea ndoo karibu.

"Mkono umenileta wenyewe," akasema. "Kila nikiziendea herufi, mkono hunileta hapa. Nimeosha huu mguu, nikatafuta nia. Natia udhu nikafanye nini? Nikaiandalie pombe mahali pa kukaa?" Akaiweka kata ndani ya ndoo taratibu, kama anayeogopa kuvunja kitu. "Nia sina. Nimeitafuta, sina."

Mama, ungemwona! Yule mtu mkubwa, ambaye mji mzima unamwita fundi, ameketi na mguu mmoja umelowa, machozi yanashuka ndevuni na haoni haya. Na mimi niko mbele yake nimeishika ndoo, sithubutu hata kuitua. Hakuna aliyemhubiria. Lali alikuwa mchangani. Ni maji tu na ile desturi yake mwenyewe.

Akavaa makubadhi, mguu mmoja umelowa na mmoja mkavu. "Nenda kamwite mumeo. Mwambie ami yako asema, ndoo."

Nilikimbia, buibui inapepea, wale wa baraza wakauliza, "Moto uko wapi?" Nikamkuta Lali na koleo lake, vumbi mpaka kwenye nyusi. Pumzi sina. "Ami anasema ndoo!"

Akanitazama. "Ndoo gani? Ya kubeba au ya kuja?"

"Ya kuja, mume wangu! Ya kuja!"

Aliliacha koleo mchangani likiwa limesimama. Tulipofika, Ami alikuwa mlangoni na kile kitambaa kilichokunjwa. Hakutoa hotuba. Alimpa akasema, "Shika vyuma vyako. Vyataka kushika kutu." Lali akaupokea mzigo pamoja na ule mkono ulioubeba, akauweka usoni pake, na hakuuachia. Mavyaa kule juu akapiga vigelegele mpaka wa nyumba ya pili wakadhani nina mimba. (Sina, Mama. Bado. Usimwambie Kukhu chochote.)

Ami mwenyewe ndiye aliyempigia simu bwana wa Shela. Yule bwana alisikitika, akasema hakuna shida, na akachukua kazi yake yote, milango, madirisha, kila kitu, akapeleka kwingine. Kwa hiyo usidhani mambo yamenyooka. Karakana imenyamaza. Mavyaa anahesabu vitunguu. Watu wa baraza sasa wanamwita Ami "Sheikh Mkubwa" na Lali "Sheikh Mdogo." Lakini sanduku nimelifungua, dirisha ni langu, na mwanamume huyu ni wangu. Wakati mwingine anapolala namtazama, nasema, ya Rabbi, huyu kweli ulinipa mimi, Sakina wa Mumias, niliyekuwa nalia nikitumwa kuni?

Ubao umebaki. Bismillahi yake imekamilika, nzuri ya kutisha, na mbele yake ni mbao tupu. Jana Ami aliupapasa, akaniambia, "Huu ni wa mamako. Si ana mlango?" Nikamjibu kwamba mlango upo, wa mbele, wa bati, wenye kitasa kibovu, lakini upo. Akasema bati si neno, la muhimu ni wanaopita chini yake.

Basi mpe Baba salamu, mwambie Amu si mbali kama moyo wake. Kukhu mbusie mikono yote miwili. Dada Zaituni mwambie viatu vyangu vyeupe amevaa vya kutosha, sasa avisafishe. Msalimie shemeji yake aliyetubebea mizigo siku ya harusi, na imamu wetu, umwambie fundi wa mlango wake anauliza kama bawaba zinalia. Mavyaa anakusalimu wewe peke yako, kwa jina, anasema ni wewe uliyemlea anayemchekesha.

Na kwa kuwa kazi hakuna, nafasi tele: Lali anauleta ubao mwenyewe, na sehemu iliyobaki ataichonga hapo hapo uani kwetu. Mwekee maji karibu. Mwambie Baba aupime mlango kwa shubiri zake leo hii, kutoka mwimo hadi mwimo, maana tunavuka kwenda Mokowe kupanda basi wiki ijayo, na kabla mwezi huu haujaisha, Mama, utasikia mtu anabisha.

Ni mimi binti yako mwenye furaha isiyo na adabu,
Sakina, mke wa Lali