Kibuyu Kisichofika Shingoni

Mulanje, Malawi
6 Julai 2024

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, na natumai wewe, ng'ombe na chai mko salama. Magoti yanasemaje na baridi ya huko?

Hapa kliniki hatufanyi kazi Jumamosi na Jumapili, kwa hivyo wiki jana tulipanda mlima Mulanje, mimi na Marcella, yule nesi ninayeishi kwake. Nilibeba kibuyu cha marehemu Mama, kile ulichonipa nikiondoka. Nilikuwa nimegandisha maziwa ya mursik siku nne. Nikakijaza hadi shingoni, nikakifunga sawasawa, nikakitembeza juani kwa muda wa saa tano. Kwenye kibanda cha wapandaji nikafungua kwa majivuno, kifuniko kikagonga dari. Maziwa na majivu yake yakamwagikia Marcella, wazungu wawili na sufuria yao ya wali. Mmoja aliuliza kama hiyo ni saruji.

Nilicheka, lakini tukishuka nililia. Mama angeniambia kosa langu kabla sijatoka nyumbani. Wewe unalijua?

Jambo lingine. Kipindi changu cha kujitolea kinaisha Desemba, na wameniomba niongeze miaka miwili. Wanataka jibu kabla ya Oktoba kuisha. Nitasema ukweli, Baba, sina hamu ya kurudi. Nikitoka chuo, Mama alikuwa akisimama langoni na kibuyu, ninywe kabla sijaweka begi chini. Sasa nitapokelewa na lango peke yake.

Binti yako,
Chelangat


Sosiot
29 Julai 2024

Chelangat mwanangu,

Chamgei. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Mimi mzima, magoti ni yale yale. Chai imepunguka kwa baridi, Omollo bado ananichumia, na ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike.

Habari ya kibuyu umeuliza mtu asiyejua. Nimekunywa mursik miaka sitini na tatu, na sijui kama mti wa senetwet, ule wa kutia majivu kibuyuni, huchomwa ukiwa mbichi au mkavu. Kutengeneza ilikuwa kazi ya mama yako, yangu ilikuwa kunywa. Siku hizi maziwa yangu yote nauza kwa deri, halafu naenda dukani kununua maziwa lala ya pakiti.

Na usiniambie niende kwa Edinah. Najua ni dada ya mama yako na anajua kila kitu. Lakini udongo wa kaburi haukuwa umekauka alipokuja kuomba vibuyu vya marehemu. Nilimwambia avisahau, na tangu hapo hatusemezani. Viko stoo, vyote saba, na ufunguo uko mfukoni mwangu.

Hiyo miaka miwili, ongeza. Huku kazi hakuna. Mimi nitakaa tu.

Ni mimi baba yako,
Kipkosgei


Mulanje
24 Agosti 2024

Baba,

Habari ya siku nyingi? Huku sote wazima, isipokuwa kibuyu.

Jumamosi iliyopita niliazima baiskeli nikatafuta senetwet hadi kijiji cha tatu. Nikaona mti wenye maua ya manjano, nikafurahi, nikachoma tawi lake na kutia majivu kibuyuni. Maziwa yakawa machungu kama dawa ya minyoo. Marcella akanihurumia, na nilipokuwa kanisani akakiosha kibuyu kwa sabuni ya unga. Alisugua kwa moyo wake wote. Sasa kinanuka kama nguo zilizoanikwa, na sina ubavu wa kumwambia.

Baba, vile vibuyu saba vimekaa karibu miaka miwili bila maziwa. Umevinusa? Mama mdogo Edinah hakuja kunyang'anya. Alitaka kitu chenye harufu ya dada yake, kama tu wewe unavyotaka. Nenda umuulize sabuni inatokaje.

Halafu umeandika "ongeza" upesi sana. Unataka nirudi au hutaki? Niambie tu.

Binti yako,
Chelangat


Sosiot
7 Oktoba 2024

Mwanangu Chelangat,

Chamgei mising. Nisamehe kwa kimya hiki. Sikuwa mgonjwa, nilikuwa mwanafunzi.

Siku ile barua yako ilifika nilifungua stoo. Viwili vilikuwa na ukungu na kimoja kimepasuka. Niliona aibu sana. Nikavitia kwenye gunia, nikavuka mto hadi kwa Edinah. Sikujua pa kuanzia, nikasema, "Chelangat ameacha kibuyu kikaoshwa kwa sabuni."

Akaniuliza, "Na huyo msichana alilelewa na nani?"

"Na dada yako."

Tulicheka, kisha tukalia, mimi mzee mzima. Nikamwomba msamaha, nikamwambia achukue vyote. Alichukua kimoja, kile cha shanga. "Hivyo vingine utaweka maziwa wewe mwenyewe," akasema. Nikamwambia hiyo ni kazi ya akina mama. Akasema, "Basi kunywa pakiti."

Sasa sikiliza, maana nimefundishwa kwa ukali. Senetwet huchomwa ukiwa mkavu. Tia kaa lake ndani ya kibuyu, usugue kwa ufito wa mkindu hadi lipoe. Kwa sabuni, rudia mara tatu. Maziwa uyachemshe, yapoe kabisa, na usijaze hadi shingoni. Acha nafasi ya vidole vinne, kwa sababu mursik hupumua. Hilo ndilo lilikuwa kosa lako la mlimani. Nimekuwekea vijiti vitatu kwenye bahasha.

Mursik yangu ya kwanza nilimpa mbwa, akanusa akaenda zake. Ya nne Edinah alikunywa, akasogeza kikombe aongezewe.

Uliniuliza kama nataka urudi. Nataka. Niliandika "ongeza" kwa kuogopa kukuita kwenye nyumba isiyo na wa kukupokea. Amua unavyopenda, sitakasirika. Lakini ukija, mimi ndiye nitasimama langoni na kibuyu. Wanaume wa kituo cha chai wameshajua, na wamecheka hadi wamechoka.

Baba yako,
Kipkosgei


Mulanje
29 Oktoba 2024

Baba yangu,

Chamgei. Mimi mzima, na Marcella anakusalimu. Barua yako ilifika Ijumaa. Jumamosi na Jumapili nilichoma vile vijiti, na kibuyu kimeacha kunuka sabuni. Jana Jumatatu niliwajibu ofisini. Niliwashukuru, nikakataa.

Nitatua Nairobi tarehe 14 Desemba asubuhi, na jioni nitakuwa Sosiot. Mwambie Mama mdogo asimame nawe langoni, ila kibuyu ushike wewe.

Na uache vidole vinne.

Binti yako,
Chelangat